Nchi Jirani: Mbu wa Sura Moja na Tabia Mbalimbali

Mwezi Desemba mwaka 2022 watafiti wa Kenya walikuwa wakikusanya mbu katika maeneo ya Laisamis na Saku, kaunti ya Marsabit, ambayo kwa upande wa kaskazini inapakana na Ethiopia. Miongoni mwa mbu waliowapata walikuwamo baadhi ambao, walipochunguzwa katika maabara, hawakulingana na mbu yeyote aliyekwisha kuandikwa katika orodha ya nchi hiyo. Walikuwa ni Anopheles stephensi, mbu wa malaria ambaye asili yake ni Bara Hindi, Iran na Bara Arabu. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliutangazia umma habari hiyo.

Mtu anaweza kuuliza: mbu mmoja zaidi ana uzito gani katika nchi zenye mbu tangu zama za kale? Malaria imekuwapo, vyandarua vimegawiwa, dawa zinapulizwa. Lakini kwa wale ambao kazi yao ni kulinda mipaka, bandari, vituo na kambi, habari ya Marsabit inastahili kutazamwa kama inavyotazamwa habari yoyote ya kuvukwa kwa mpaka. Mgeni huyo hakupita kituo cha uhamiaji wala hakukaguliwa na mtu. Sura yake haimtofautishi sana na mbu waliokuwako, hata mtu mwenye ujuzi mdogo anaweza kumchukua kuwa ni yule yule wa siku zote. Hata hivyo tabia yake ni nyingine, makazi yake ni mengine, na baadhi ya silaha zinazowaua wenzake hazimdhuru yeye kwa kiasi kile kile.

Ili kuelewa jambo hilo, hapana budi kueleza jinsi wataalamu wanavyotenganisha wadudu wanaofanana, na kwa nini kazi hiyo, iliyodhaniwa zamani kuwa ni ya watu wa makumbusho, imegeuka kuwa sehemu ya ulinzi wa afya katika nchi zote za ukanda huu.

Nyakati za mvua huonekana ndani ya nyumba, hasa karibu na taa, mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu sana na mbawa mbili, mfano wa mbu aliyekuzwa mara nyingi. Wengi humpiga kwa haraka wakidhani ni mbu mkubwa kuliko wote. Mdudu huyo ni wa ukoo unaoitwa Tipulidae. Hana mdomo wa kufyonza damu, haumi, wala haenezi maradhi. Yeye na jamaa zake wa karibu wamekwisha kugawanywa katika spishi zaidi ya 15,000 duniani. Mmarekani mmoja, Charles P. Alexander, aliyeishi kuanzia mwaka 1889 hadi 1981, peke yake alizieleza na kuzipa majina zaidi ya 11,000. Kazi hiyo aliifanya kwa macho na hadubini, akitazama mishipa ya mbawa, rangi ya mwili na viungo vya uzazi vya dume.

Spishi maana yake ni kundi la viumbe ambao huzaana wenyewe kwa wenyewe na kupata watoto wenye uwezo wa kuzaa. Kwa wadudu wa Alexander, tofauti ya spishi mara nyingi ilikuwa imeandikwa mwilini, na jicho lenye subira liliweza kuisoma. Kwa mbu wa malaria wa Afrika mambo yalikuwa kinyume. Mdudu asiye na madhara alikuwa na alama za kumtambulisha, na yule anayeua watu alikuwa amejificha ndani ya sare moja na jamaa zake.

Uhusiano wa mbu na malaria ulithibitishwa na daktari wa jeshi. Ronald Ross, aliyekuwa katika Idara ya Tiba ya Uhindi, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad. Miaka mitano baadaye, mwaka 1902, mbu mkuu wa malaria wa Afrika alipewa jina la Anopheles gambiae, kutokana na nchi ya Gambia. Tangu hapo, kwa muda wa miaka 60 hivi, wengi walimhesabu mbu huyo kuwa ni spishi moja iliyoenea kutoka Senegal hadi pwani ya Bahari ya Hindi, na kutoka Sudan hadi nchi za kusini.

Lakini taarifa zilizokuwa zikifika kutoka sehemu mbalimbali hazikupatana. Mahali pamoja mbu huyo alisemekana kuingia nyumbani usiku, kumuuma mtu, kisha kutulia ukutani akisubiri mayai yake yakomae. Mahali pengine mbu wa sura ile ile aliuma ng'ombe na kulala nje majanini. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki alikutwa akizaliana katika vidimbwi vya maji ya chumvi, ambayo yangewaua viluwiluwi wa mbu wa bara. Wengine walieleza kwamba hizo ni tabia tu za mbu mmoja anayejua kujirekebisha kulingana na mahali. Wengine wakaanza kushuku kwamba jina moja lilikuwa limefunika wadudu kadhaa.

Shaka hiyo iliondolewa kwa njia ya kuwapandisha mbu. George Davidson, wa Chuo cha Afya na Tiba ya Nchi za Joto cha London, alikuwa akichunguza jinsi usugu wa mbu dhidi ya dawa unavyorithiwa kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Alipowachanganya mbu kutoka sehemu tofauti za Afrika, aliona jambo ambalo halikutarajiwa: katika michanganyiko fulani watoto walizaliwa na wakakua, lakini madume yote yalikuwa tasa. Mwaka 1962 yeye na mwenzake Jackson walichapisha matokeo hayo. Mbu waliodhaniwa kuwa ndugu wa nyumba moja walikuwa ni makundi mawili, ambayo kwa muda yaliitwa A na B. Mwaka huo huo Hugh Paterson alionyesha kwamba mbu wa maji ya chumvi wa Afrika ya Mashariki naye ni spishi ya peke yake. Baada ya muda mfupi likafuata kundi la C, ambalo hupenda damu ya wanyama na halitiliwi maanani katika kueneza malaria.

Leo kundi A ndilo linaloitwa Anopheles gambiae halisi, B ni Anopheles arabiensis, C ni Anopheles quadriannulatus, na yule wa maji ya chumvi wa upande wa mashariki ni Anopheles merus. Hadi mwaka 2019, wakati spishi moja ya Gabon ilipoongezwa katika orodha, spishi tisa zilikuwa zimekwisha kupewa majina ndani ya kundi hilo lililodhaniwa kuwa ni mbu mmoja.

Mmoja wao anaishi Uganda peke yake. Katika nchi ya Bwamba, magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, zipo chemchemi za maji ya moto katika msitu wa Semliki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 iligunduliwa kwamba mbu wanaozaliana katika maji yale yenye madini si A, si B, wala si C. Wakapewa jina la Anopheles bwambae. Spishi hiyo haijulikani mahali pengine popote duniani, lakini kwa mkazi wa pale, au kwa askari aliyepelekwa kulinda pale, nayo ni mbu wa malaria.

Kuwapandisha mbu ili kujua kabila lao ni kazi ya wiki nyingi, na haiwezekani kumfanyia hivyo kila mbu aliyekamatwa katika nyumba. Ndipo mwaka 1967 Waitalia Coluzzi na Sabatini walipoonyesha njia nyingine. Ndani ya vifuko vya mayai vya mbu jike aliyekwisha kula damu, na ndani ya tezi za mate za viluwiluwi, zimo kromosomu nene, yaani nyuzi zinazobeba urithi wa kiumbe. Zikitiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, huonekana zina mistari ya giza na ya mwanga. Kila spishi ina mpangilio wake wa mistari, na mahali fulani kipande cha uzi huwa kimegeuzwa, cha mbele kikawa nyuma. Kwa kusoma mgeuko huo mtaalamu anaweza kusema huyu ni gambiae, yule ni arabiensis, ijapokuwa kwa nje hakuna hata unywele mmoja wa kuwatofautisha.

Faida ya elimu hiyo ilionekana upesi katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1972 White, Magayuka na Boreham walichapisha uchunguzi wao wa Segera, mkoani Tanga, mahali ambapo kundi A na kundi B waliishi pamoja. Waliwalinganisha kwa damu waliyokula, mahali walipotulia na uwezo wao wa kueneza malaria. Kutokana na kazi za namna hiyo ilifahamika kwamba gambiae halisi humpenda sana binadamu na hukaa ndani ya nyumba. Arabiensis huuma watu na ng'ombe vilevile, huvumilia zaidi nchi kavu, na mara nyingi hutoka nje baada ya kula. Dawa iliyopakwa ukutani humpata vizuri yule wa kwanza, ilhali huyu wa pili huweza kuikwepa kwa sababu tu hakai ukutani.

Mfano wa kale zaidi unatoka katika mpaka wa Kenya na Tanzania wenyewe. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 ulifanyika mpango wa pamoja wa kupambana na malaria katika Pare, upande wa Tanganyika, na Taveta, upande wa Kenya. Kuta za nyumba zilipulizwa dawa iitwayo dieldrin, na malaria ikapungua sana. Mbu hatari aitwaye Anopheles funestus alitoweka majumbani. Kisha wakaonekana mbu wengine waliofanana naye sana, wakiongezeka. Mtu asiyechunguza angeweza kutangaza kwamba funestus amerudi na kwamba kazi yote imekuwa bure. Mwaka 1960 Gillies na Smith walieleza kwamba waliojaza nafasi ile walikuwa ni Anopheles rivulorum, jamaa wa funestus, ambaye shabaha yake kubwa ni wanyama. Kwa hiyo dawa ilikuwa imefanya kazi yake, na kosa lingekuwa ni la macho.

Kuna mfano mwingine wa kosa kama hilo, nao ulichukua miaka mingi kusahihishwa. Mwaka 1930 mbu wa malaria wa Afrika aligunduliwa katika mji wa Natal, Brazil, baada ya kuvuka bahari. Mwaka 1938 alisababisha maafa makubwa katika sehemu ya kaskazini mashariki ya nchi hiyo, na kwa kampeni kali iliyoongozwa na Fred Soper aliangamizwa kabisa ifikapo mwaka 1940. Vitabu vyote vilimwita gambiae. Mwaka 2008 watafiti walipochukua vinasaba kutoka kwa mbu wakavu waliohifadhiwa tangu siku zile, walikuta ni arabiensis, yule anayestahimili nchi kavu.

Vinasaba ndiyo silaha mpya ya upelelezi huu. Katika kila chembe ya mwili wa kiumbe umo mfano wa maandishi marefu, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, yanayoagiza mwili ujengwe vipi. Mwaka 1993 Scott, Brogdon na Collins walitangaza njia ya kumtambua mbu mmoja mmoja wa kundi la gambiae kwa kuzidisha kipande kidogo cha maandishi hayo katika maabara. Mguu mmoja wa mbu unatosha. Askari polisi anayefahamu jinsi alama ya kidole inavyomtaja mhalifu hataona ugumu kuelewa thamani ya njia hiyo. Mwaka 2002 maandishi yote ya Anopheles gambiae, yapatayo herufi milioni 278, yalichapishwa. Mwaka 2017 wataalamu walilinganisha mbu 765 waliokamatwa katika nchi nane za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, wakakuta sehemu zaidi ya milioni 50 ambapo mbu mmoja anaweza kutofautiana na mwenzake kwa herufi moja.

Idadi hiyo ina maana nzito. Dawa inapotumika mahali pamoja kwa muda mrefu, mbu wengi hufa, lakini kati ya maelfu ya tofauti hizo huenda ikawamo moja inayompa mbu fulani nafasi ya kunusurika. Huyo ndiye atakayezaa. Baada ya vizazi vichache watoto wake ndio wengi. Hivyo ndivyo usugu unavyojengeka, na wala mbu hajifunzi jambo lolote. Mwaka 2000 kwa mfano, ulielezwa usugu wa namna hiyo kutoka magharibi mwa Kenya: badiliko dogo katika mlango wa neva ambao dawa za jamii ya pairethroidi huushambulia. Dawa hizo ndizo zilizotiwa katika vyandarua kwa miaka mingi.

Zaidi ya hayo, ukuta uliopo kati ya spishi hizi una nyufa. Davidson aliona kwamba machotara madume ni tasa, lakini majike huweza kuzaa. Kwa mlango huo mdogo chembe za urithi hupita kutoka spishi moja hadi nyingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulithibitisha kwamba gambiae na arabiensis wamebadilishana urithi kwa kiasi kikubwa katika historia yao. Katika Afrika ya Magharibi imeonekana pia usugu dhidi ya dawa ukihama kutoka spishi moja kwenda kwa jirani yake. Kwa hiyo silaha aliyoipata mmoja haiwezi kudhaniwa kuwa itabaki kwake milele.

Nchi za kusini zilipata fundisho kubwa katika jambo hili. Mwaka 1996 Afrika ya Kusini iliacha kutumia DDT katika kuta za nyumba, ikachukua dawa mpya za pairethroidi. Anopheles funestus alikuwa amekwisha kutoweka katika nchi hiyo kwa miongo mingi. Mwaka 1999 alikutwa tena katika KwaZulu-Natal, ndani ya nyumba zilizopulizwa dawa, akiwa hai. Mbu wenye usugu huo huo walikuwako ng'ambo ya mpaka, kusini mwa Msumbiji. Pamoja na kudhoofika kwa dawa za tiba zilizotumika wakati ule, matokeo yalikuwa kwamba mwaka 2000 wagonjwa wa malaria walioandikwa nchini Afrika ya Kusini walizidi 60,000. DDT ilirudishwa, kwa kuwa funestus yule alikuwa bado anakufa kwa dawa hiyo, dawa bora ya tiba ikaanza kutumika, na ugonjwa ukashuka. Tangu mwaka 1999 Afrika ya Kusini, Msumbiji na Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini, zilikuwa zimekwisha kukubaliana kufanya kazi ya malaria kwa pamoja katika eneo la Lubombo, maana ilidhihirika kwamba hakuna nchi itakayosafisha nyumba zake peke yake ilhali za jirani zina mbu wale wale.

Kwa mwanga huo ndipo habari ya Marsabit inapoeleweka. Anopheles stephensi alionekana kwanza katika Pembe ya Afrika mwaka 2012, nchini Djibouti, penye bandari kubwa na kambi za majeshi ya mataifa kadhaa. Mwaka huo Djibouti iliandikisha wagonjwa 27 tu wa malaria, na ilihesabiwa kuwa iko karibu kuutokomeza ugonjwa huo. Mwaka 2020 wagonjwa walizidi 73,000. Mwaka 2016 mbu huyo alipatikana Kebri Dehar, mashariki mwa Ethiopia, na baadaye Sudan na Somalia pia zikatoa taarifa. Katika mji wa Dire Dawa, ulio katika njia ya reli kati ya Djibouti na Addis Ababa, wagonjwa 2,425 waliandikwa kati ya Januari na Mei mwaka 2022, ambapo katika miezi hiyo hiyo ya mwaka 2019 walikuwa 205. Watafiti walipofuatilia walimkuta stephensi katika vyombo vya maji karibu na makazi ya wagonjwa, yakiwamo mabweni ya chuo kikuu, na baadhi ya mbu hao walikuwa na vimelea vya malaria mwilini.

Tofauti kubwa ya mbu huyu na wenyeji wake iko katika maji. Gambiae na arabiensis hupenda vidimbwi vya mvua, nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali na mashamba ya mpunga. Ndiyo maana malaria imezoeleka kuwa ugonjwa wa vijijini na wa msimu wa mvua. Stephensi hutaga katika matangi, mapipa, mabirika na visima vya saruji, na humpata binadamu mahali alipoweka akiba yake ya maji. Anaweza kuishi katikati ya mji, na wakati wa kiangazi, ambapo mbu wengine wamepungua, yeye hustawi kwa sababu ndipo watu wanapohifadhi maji zaidi. Nchini Ethiopia imeonekana kwamba ana usugu dhidi ya dawa za aina kadhaa.

Hakuna haja ya kumweleza askari mahali penye matangi, mapipa na mabirika mengi. Kambi ya jeshi, kituo cha polisi, kizuizi cha barabarani, mabweni ya mafunzo, gereza na kituo cha mpakani katika nchi kavu, vyote huendeshwa kwa maji yaliyowekwa akiba. Watu hulala wengi chini ya paa moja. Wengine wametoka mkoa usio na malaria, hawana kinga yoyote mwilini. Wengine wametoka kwenye malaria nyingi, nao huweza kubeba vimelea bila kuumwa. Mbu akimuuma mmoja wa hao wa pili, baada ya siku zipatazo kumi hadi kumi na nne huwa tayari kumwambukiza mwingine. Katika vita vya dunia vya kwanza, majeshi yaliyopigana katika Afrika ya Mashariki yalipoteza nguvu kwa maradhi, malaria ikiwamo, kuliko kwa risasi.

Jambo la pili la kuzingatia ni saa za kazi. Chandarua humlinda aliyelala, na dawa ya ukutani humuua mbu aliyetulia ndani. Askari wa lindo na polisi wa doria hawamo chini ya chandarua usiku, nao wako mahali ambapo arabiensis, asiyependa kukaa ukutani, anawakuta. Kwao kinga ni nguo za mikono mirefu, dawa ya kupaka ngozi, na kufuata maagizo ya mganga wa kambi kuhusu vidonge vya kinga pale wanapopelekwa penye malaria nyingi. Mwenye homa aliyerudi kutoka doria ya mbali apimwe siku ile ile, na aseme alikuwa wapi.

Jambo la tatu ni la usafi wa maji, nalo halihitaji fedha nyingi. Kiluwiluwi hugeuka mbu kwa muda wa siku chache, mara nyingi chini ya wiki mbili. Pipa lililofunikwa barabara, au lililomwagwa na kusuguliwa kila wiki, halitoi mbu hata mmoja, awe ni wa spishi gani. Matangi makubwa yasiyoweza kumwagwa yahitaji mifuniko isiyo na nafasi, na wavu katika matundu ya hewa. Hapo hakuna usugu unaoweza kumwokoa mdudu, kwa kuwa amenyimwa mahali pa kutaga.

Mwisho ni upelelezi wenyewe. Watumishi wa afya wanapofika kambini kuomba ruhusa ya kutega mitego na kuchota viluwiluwi katika mapipa, mara nyingine huonekana kama watu waliokuja kupoteza muda kwa vidudu. Yafaa ikumbukwe kwamba katika Marsabit mgeni alitambuliwa kwa sababu walikuwako watu wa kumkusanya, na maabara ya kumsoma vinasaba. Pasipo hao angehesabiwa kuwa ni mbu wa kawaida, na dawa isiyofaa ingeendelea kupulizwa mahali asipokaa. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Djibouti ilinyolewa kwanza, kisha Dire Dawa, na ilani ikafika Marsabit. Lori lenye pipa la maji lililobeba viluwiluwi husafiri katika siku moja umbali ambao mbu kwa mbawa zake hawezi kuumaliza katika maisha yake yote. Wanaolikagua lori hilo katika vizuizi vya njia kuu ni polisi na askari wa mpakani, na macho yao yanaweza kutazama ndani ya pipa kama yanavyotazama chini ya turubai.